Gari la Mama Lusungu na Upepo wa Makambako

Hakuna kitu chini ya gari kinachoweza kunishangaza. Naandika hivyo nikiwa na akili zangu timamu, na asiyeamini aje Kitandililo aniulize, maana spana nimeziweka chini na siku hizi tangu asubuhi nipo kwenye maparachichi yangu. Nimekuta panya wamezaa ndani ya chujio la hewa na gari linatembea. Nimekuta bushi, ile pete ya mpira ya kwenye maungio, iliyochongwa kwa mti, tena imechongwa vizuri kuliko baadhi ya hizi mnazonunua dukani. Nimepokea lori limetoka upande wa Songea, tai rodi yake, ile fimbo inayosukuma gurudumu ukigeuza usukani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli, na dereva ananiambia, "Fundi, we angalia breki tu, huko kwingine hakuna tatizo."

Mimi shule niliishia darasa la tano. Lakini nyumba yangu ya Lyamkena ina vigae, na kila kigae pale juu kimetoka kwenye spana. Kwa hiyo nyie vijana mnaoanza kazi hii, mkinisoma, someni kama mtu anayesikiliza, msinisome kama mtu anayesahihisha.

Nianze na tairi, maana tairi haliongopi. Mwenye gari anaweza kukudanganya kwamba hakugonga shimo, au kwamba gari alilikuta hivyo hivyo. Wewe muache aseme, huku kiganja chako unakipitisha juu ya tairi, kwenda na kurudi. Ukisikia laini kwenda, na kurudi panakwaruza kama magamba ya samaki, basi lile gurudumu linaburutwa upande, halitazami linakokwenda. Ukikuta ukingo wa ndani umeliwa na wa nje mzima, gurudumu limelala. Hayo nimeyajua kwa kiganja kabla sijayajua kwa jina, na majina yenyewe mpaka leo nayatamka nusu.

Uzi nilifundishwa na Mzee Mlowe, Mungu amrehemu, aliyekuwa na gereji ya mabati nyuma ya stendi Makambako. Alikuwa hasemi sana. Ukikosea anakunywa chai tu anakutazama, na ile chai ilikuwa inauma kuliko tusi. Alifunga uzi wa nailoni toka gurudumu la nyuma hadi la mbele, kila upande, kisha akapima nafasi kwa njiti za kiberiti. Magurudumu ya mbele yabanane kwa mbele kuliko kwa nyuma yake, kwa unene wa njiti mbili, basi. Njiti moja kwa gari jepesi. Hakuwa na rula, na gari lililotoka kwake ungeachia usukani ukamenya embe.

Siku moja nilipima gari mara tu lilipotoka kwenye jeki. Njiti mbili kamili, nikajipongeza. Mzee akanywa chai. Akaniambia, "Lisukume."

"Niende nalo wapi, mzee?"

"Zunguka nalo uwanja."

Nikasukuma mpaka jasho likanitoka, na Makambako kutoa mtu jasho si jambo dogo. Nilipopima tena, njiti mbili zilikuwa zimeondoka, imebaki hewa. Ndipo akasema, "Gari likitoka kwenye jeki ni kama mtu aliyeamka sasa hivi, magoti hayajanyooka. Litembeze kwanza." Nimewafundisha vijana wengi sana jambo hilo, na wengine leo wana gereji kubwa kuliko niliyokuwa nayo, ingawa hawana jina nililokuwa nalo. Mimi nilikuwa naitwa Fundi Uzi. Ungeshuka basi pale njia panda na kumtaja Fundi Uzi, hata muuza karanga angekuleta.

Sasa niwaambie habari ya upepo.

Aliyewahi kukaa Makambako anaujua upepo wetu. Unaanika shuka asubuhi, mchana unaikuta kwa jirani, na jirani anakusalimu tu kama vile hakuna kilichotokea. Basi sisi mafundi wa pale tulikuwa na desturi ambayo sijaikuta mahali pengine. Dereva akija anasema gari linavuta upande, kwanza tunamuuliza anakwenda njia gani. Akisema Njombe, tunajua upepo utampiga ubavuni, na tunaugeuza usukani kidogo kuukabili. Tuliita kulipa gari bega. Gari linapewa bega la Njombe, au bega la Mbeya, kama unavyomkatia mtu suruali. Na madereva walikuwa wanaapa kwamba gari limetulia! Wapo waliotoka mbali kuja kupewa bega. Mzee Mlowe alilipa gari bega, mimi nikalipa bega, na hakuna aliyewahi kuuliza kitu, mpaka alipokuja Mama Lusungu.

Huyu alikuwa mwanamke wa mjini kwetu, mfuga kuku, mtu wa kanisani, mwenye sauti ya chini. Kila alfajiri alikuwa anapakia mayai Makambako anayapeleka Njombe mjini, na sehemu kubwa inakwenda kwa mwoka mikate mmoja mtaa wa Ramadhani, ambaye sote tulimwita Baba Eli. Alikuwa amenunua gari dogo jeupe kwa kijana aliyekuja nalo toka Mbeya, na yule kijana alikuwa amelishusha. Alitoa springi akazikata kwa msumeno, gari likalala chini, tumbo karibu liguse lami. Siwalaumu wanaopenda hivyo. Gari lililoshushwa linapendeza, nani atabisha. La Mama Lusungu lilikuwa limekaa kama bata anayeatamia, na yeye mwenyewe alilipendea hilo hilo. Aliniambia, "Fundi, nilipoliona nikasema hili ndilo la kubebea mayai. Limetulia."

Halikuwa limetulia. Lilikuwa linarukia upande kama mbuzi aliyeona nyoka, na kila likiruka, mayai yanagongana. Baba Eli alikuwa ameshakataa mzigo wake zaidi ya mara moja.

Nikafanya uzi. Njiti mbili. Nikalitembeza, nikapima tena, njiti mbili. Nikamwambia nenda mama, hata mtoto mchanga ataliendesha.

Akarudi. "Fundi, bado."

"Ni upepo huo, mama. Umesahau unakaa Makambako?" Nikalipa bega la Njombe, bega la uhakika.

Akarudi tena. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa gereji, kitenge amejifunga mpaka kichwani, na pale walikuwepo madereva wamekaa juu ya matairi wanakunywa uji.

"Kamwene, Fundi."

"Kamwene, mama. Upepo umeisha?"

"Nataka kukuuliza huo upepo. Nikienda Njombe, unanivuta kushoto."

"Ndiyo, ndiyo njia yake."

"Nikirudi Makambako, unanivuta kushoto."

Nikaweka spana chini. Madereva nao wakashusha vikombe vya uji.

"Sasa Fundi," akasema taratibu, "huo upepo unageuka na mimi Njombe, au unaishi ndani ya gari?"

Vijana, kicheko nilichochekwa pale, nadhani mpaka leo kipo juu ya yale mabati. Dereva mmoja, mtu niliyempa bega miaka mingi, akauliza, "Ina maana Fundi Uzi, mimi nikirudi huwa narudi bila bega?" Mwingine akasema, "Wewe rudi kinyumenyume." Mama Lusungu peke yake hakucheka. Akaniambia Baba Eli amempa siku ya kesho, ya mwisho. Mayai yakifika yameharibika tena, atachukua kwa mtu wa Njombe, na yeye kuku wote wale atawauza, maana bila Baba Eli hela ya chakula chao haitoki.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Mtu mwingine angesema nitaangalia. Mimi nikasema, mbele ya wote wale, "Kesho naendesha mimi mwenyewe. Na kila yai litakalovunjika toka hapa mpaka Ramadhani, nalipa mimi."

"Mmesikia?" Mama Lusungu akawauliza madereva.

"Tumesikia!"

Kesho yake ukungu ulikuwa umelala barabarani, tukaondoka polepole. Trei za mayai zimejaa nyuma hadi kwenye vioo, Mama Lusungu kakaa mbele pembeni yangu na trei moja mapajani. Mwanzoni nilikuwa naendesha kwa vidole viwili ili anione. Barabara ikiwa laini, gari linakwenda kama uzi wenyewe. Nikamwambia, "Unaona?" Akasema, "Naona. Ngoja."

Tukafika mahali ambapo ukingo wa lami umemeguka. Gurudumu la kushoto likakanyaga pale, na usukani ukajizungusha mkononi mwangu. Si kwamba niliyumba. Ulijizungusha wenyewe, kama mtoto anayechomoa mkono wake sokoni. Nikaushika kwa mikono miwili. Mbele kidogo tena, hivyo hivyo. Halafu tukaingia kijijini kwenye tuta, mbele yetu linakuja lori la mbao, na upande wangu wa kushoto akina mama wamepanga viazi kwenye ndoo. Gari likapanda tuta, likashuka, pua ikazama, na lilipozama likakata kushoto kuelekea kwenye ndoo. Nikalirudisha kwa nguvu, likapitiliza kulia kwenye lori. Nikakanyaga breki mpaka nikasimama juu yake. Lori likatupita na honi ndefu, mbao zikipiga kelele.

Tukasimama. Halafu nyuma yetu tukasikia mayai yanateremka, trei moja baada ya nyingine, pole pole, kama watu wanaotoka ibadani.

Mama Lusungu alikuwa bado ameshika trei yake mapajani, haijapata hata ufa. Akanitazama. "Fundi, upepo," akasema.

Baba Eli alitupokea na aproni yake ya unga. Akafungua mlango wa nyuma, ute ukamchuruzikia viatuni. "Mama Lusungu," akasema, "mimi mayai nayavunja mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yangu. Sinunui yaliyokwisha kuvunjwa." Mama akamwomba. Mimi nikamwomba pia, na mimi si mtu wa kuomba. Mwisho akasema, "Kesho asubuhi tu. Nikiona trei moja imelowa, usinisalimie tena." Yaliyo mazima akayachukua, yaliyobaki Mama Lusungu akayahesabu pale pale barazani, midomo inacheza bila sauti. Mimi nilitazama pembeni.

Karibu na hapo palikuwa na kijana mmoja ana mashine ya kupimia magurudumu, yenye kioo kama televisheni. Nilikuwa nimeapa siku nyingi kwamba kwenye mashine ile mimi siingii. Niliingia. Kijana, jina lake Edsoni, mtu mpole, akafunga vipimio vyake kwenye magurudumu, namba zikatokea kiooni. Bega langu la Njombe lilionekana hapo, akalirudisha katikati bila kuniuliza limetoka wapi, na namshukuru kwa hilo. Zote zikawa kijani.

"Limekaa sawa, mzee," akasema.

"Halijakaa sawa. Lilitaka kutuua!"

"Mashine inasema sawa."

"Mashine haijabeba mayai!" Nikakasirika, nikajibwaga juu ya pua ya gari, nikakunja mikono. Nyie hamjui mwili wangu. Sikujenga nyumba ya vigae nikasahau kula.

Edsoni alikuwa anatazama kioo. Akasema, "Mzee, simama."

Nikasimama.

"Kaa tena."

Nikakaa.

"Simama... kaa... simama."

"Kijana, hapa ni kanisani?"

"Njoo uone mwenyewe. Mama, tafadhali, wewe kaa juu ya gari."

Mama Lusungu akakaa, namba zikasogea kidogo. Tukaita watu wawili waliokuwa wanapita na mizigo ya mbao, wakakaa naye. Namba zikakimbia zote, kijani ikawa nyekundu. Pua ikishuka, magurudumu ya mbele yanachanua, kila moja linatazama upande wake. Watu wakishuka, yanarudi kutazama mbele, mazuri kabisa, kama mtoto mwizi akimwona baba.

Nikaelewa pale pale. Na nawaambia sasa muelewe bila kuvunja kitu. Simameni mbele ya ukuta. Nyoosha mkono ulale sawasawa, vidole viguse ukuta. Ukiupandisha mkono kidogo, vidole havijaachana na ukuta, au vimeachana kidogo mno. Sasa anza upya: mkono uwe umeshaelekea juu kabla, vidole vinagusa ukuta, halafu upandishe kiasi kile kile. Vidole vimerudi nyuma, siyo? Tai rodi ndiyo huo mkono. Kiwandani imewekwa ilale. Ukikata springi, mwili wa gari unashuka, tai rodi inabaki imeelekea juu. Sasa gurudumu likirushwa juu na shimo, hata kidogo tu, fimbo inalivuta, gurudumu linageuka bila ruhusa ya dereva. Uzi hauwezi kuliona hilo, mashine haiwezi, kwa sababu vyote viwili vinapima gari lililosimama.

Na kushoto? Kwa nini kushoto kwenda, kushoto kurudi? Nilikaa juu ya tairi nikacheka peke yangu. Tanzania tunaendesha kushoto. Ukienda, ukingo uliomeguka uko kushoto kwako. Ukirudi, uko kushoto kwako. Gurudumu la kushoto ndilo linalokula mashimo siku zote. Hapakuwa na upepo wowote. Miaka yote ile tuliuza bega kwa kitu ambacho hakipo, na bado nasema tuliuza vizuri.

Dawa ilikuwa kulirudishia springi za urefu wake wa kuzaliwa. Mama Lusungu hapo ndipo alipobisha. "Litasimama kama mbuzi!"

"Lisimame kama mbuzi, mama, lakini litembee kama gari."

"Litakuwa baya."

"Kuku wako watalisema?"

Akatafuna maneno, kisha akatoa hela ya springi na ya mashine, springi tulizipata kwenye duka la vipuri vilivyotumika. Nikavua koti kwenye baridi ile, nikaazima spana za Edsoni, nikafunga mwenyewe, na hela ya mkono sikutaka. Kisha nikarudi kukaa juu ya pua, Edsoni kwenye kioo. Namba zikatikisika tu kidogo, zikakaa kijani. Andikeni hili: ukibadili urefu wa gari umebadili kila kitu, pima upya. Na ukishapima, likalie. Kama huna mashine, funga uzi, mkalishe mtu mnene mbele, tazama uzi. Kama huna mtu mnene, niiteni.

Kesho yake tukapakia tena. Madereva walikuja wote kusimama barabarani kututazama, wengine na uji wao. Safari hii akaendesha Mama Lusungu mwenyewe, nikakaa mimi na trei mapajani. Gari limesimama kweli kama mbuzi. Tulipofika pale ukingo umemeguka, gurudumu likapiga shimo, *du!*, nikafumba macho. Nilipofumbua, mikono ya Mama Lusungu ilikuwa pale pale. Tukaja kwenye tuta, akina mama wa viazi wakatutambua, wakavuta ndoo zao nyuma haraka. Pua ikazama, ikainuka. Gari likanyooka katikati ya njia yake kama halijawahi kufanya lolote baya. Mama Lusungu akaanza kuimba wimbo wa kwaya kwa sauti yake ya chini, na mimi nikaitikia ingawa sauti sina.

Baba Eli alitoa trei moja moja, akainua kila moja akatazama chini kama kumelowa. Akafika ya mwisho. Akafuta mikono. "Mama Lusungu, na za Jumatatu uongeze," akasema. "Watu wa shule wameniagiza mikate."

Mimi nikapumua, nikaegemea gari. Nilishaanza kupanga jinsi nitakavyowasimulia wale madereva.

"Fundi," Mama Lusungu akasema, "sasa yale maneno yako ya juzi."

"Yapi, mama? Si nimelinyoosha gari? Na hela ya mkono nimekuachia."

"Gari umelinyoosha kwa sababu ulilipinda. Mayai uliahidi mwenyewe, watu wamesikia."

"Basi yale yenye ufa tu, yasiyomwagika, tuyaache."

"Ufa ni ufa, Fundi. Wewe gurudumu lenye ufa ungelifunga?"

Baba Eli akacheka mpaka unga ukampeperuka kifuani. Mama akasema atanifanyia bei ya jumla, shilingi mia tatu na hamsini yai moja, kwa sababu ni mimi. Mayai yalikuwa mia moja themanini na saba. Nikatoa elfu sitini na sita nikamwambia, kama mwanaume, chenji abaki nayo. Akakataa. Akafungua kifundo cha kitenge, akanihesabia mia tano na kasarafu ka hamsini kiganjani mbele ya Baba Eli, ili lisibaki neno. Kwa hiyo ilinigharimu shilingi elfu sitini na tano, mia nne na hamsini.